Disneyland Paris au Efteling: mtoto mdogo umpeleke wapi?

Familia ikishapata viza ya Schengen na mtoto akiwa miongoni mwa wasafiri, swali linalofuata huwa ni lile lile: Disneyland tunakwenda lini? Mjomba aliyeko Brussels anaulizwa, shangazi aliyeko Rotterdam anaulizwa, na wao hutafuta tarehe. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama Disneyland ndipo mahali pa mtoto huyu hasa, mwenye umri huu, mwaka huu.

Wakazi wa Ubelgiji na kusini mwa Uholanzi wana bahati ya kuwa kati ya bustani mbili kubwa za burudani. Ya kwanza ni Disneyland Paris, iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, kilomita 32 hivi mashariki mwa Paris. Ya pili ni Efteling, iliyoko Kaatsheuvel, mji mdogo wa Uholanzi karibu na Tilburg, nayo ilianza kupokea wageni kwa msitu wake wa hadithi tarehe 31 Mei 1952. Kwetu Afrika Mashariki ile ya kwanza inajulikana na kila mwenye televisheni. Hii ya pili wengi hawajawahi kuisikia, lakini Mholanzi ukimtajia jina lake atakusimulia utoto wake wote.

Nitasema msimamo wangu mapema. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 4, mimi nachagua Efteling bila kusitasita. Akivuka hapo mambo hubadilika, na kuna familia ambazo ningezielekeza Paris tangu mwanzo. Sababu zenyewe ndizo hizi.

Umri, kimo na mfuko wako

Disneyland Paris mtoto huingia bure mpaka siku anapotimiza miaka 3. Efteling huingia bure mpaka anapotimiza miaka 4. Kwenye karatasi hii ni tofauti ya mwaka mmoja tu, lakini mwaka huo ndio wenye maneno.

Chukua mtoto wa miaka mitatu na miezi miwili. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani akitimiza miaka 3 huwa na sentimita 95 au 96, na hufika 102 au 103 anapotimiza miaka 4. Sasa tazama vipimo vya Disneyland. Big Thunder Mountain, ile treni ya mgodini, inataka sentimita 102. Star Tours nayo 102. Crush's Coaster ni 107, Hyperspace Mountain ni 120, na Indiana Jones ni 140. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka mitatu na kitu analipiwa tiketi, kisha anasimamishwa kwenye kipimo pale mlangoni na kuambiwa arudi mwakani. Wafanyakazi hawana mjadala juu ya hilo, na hawapaswi kuwa nao: vizuizi vya kiti vimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani, na nywele ulizomfunga juu hazihesabiwi.

Efteling pia ina michezo ya wakubwa. Joris en de Draak, treni ya kasi, inataka sentimita 110, Python 120, na Baron 1898, inayokudondosha wima kwenye shimo la mgodi, inataka 132. Tofauti ni kwamba mtoto wa umri huo hukumlipia tiketi, na sehemu ya bustani aliyokuja kuiona haina kipimo chochote mlangoni.

Tuwe wa haki kwa Disneyland: kipande chake cha Fantasyland kimejaa michezo isiyo na kipimo cha urefu. Kuna farasi wa kuzunguka wa Lancelot, kuna tembo Dumbo, vikombe vya chai, treni ndogo ya Casey Jr., boti zinazopita kwenye vijiji vya hadithi, “it's a small world” na wanasesere wake wanaoimba, na merikebu ya Peter Pan inayoruka juu ya London usiku. Mtoto wa miaka miwili anaweza kushinda humo kutwa nzima akafurahi. Na akiwa na miaka miwili, kumbuka, haingii kwa kulipa. Ndiyo maana nasema umri mbaya kabisa wa kwenda Disneyland ni miaka mitatu: bei umeshaianza, kimo bado.

Foleni

Hapa ndipo siku ya familia nyingi inapoharibikia. Michezo ya watoto wadogo Disneyland ina foleni ndefu kuliko inavyofaa umri wao. Dumbo na Peter Pan hubeba watu wachache kwa mara moja, na kila mzazi mwenye mtoto mdogo anaelekea hapo hapo. Kumsimamisha mtoto wa miaka mitatu dakika arobaini ili azunguke hewani dakika mbili ni adhabu kwake na kwako. Disneyland wanauza njia ya kupita mbele, wanaiita Premier Access. Unalipia mchezo mmoja mmoja au unanunua ya siku nzima, na bei hupanda siku za watu wengi. Familia ya watu wanne ikianza kulipia hivyo, hesabu ya siku inakuwa nyingine kabisa, kwa hiyo ijumlishe kabla hujatoka nyumbani.

Efteling hawauzi njia ya kupita mbele. Anayetangulia ndiye anayetangulia, awe na pesa asiwe nazo, na mimi napenda hivyo. Foleni zipo, tena Droomvlucht, ule mchezo wa mwaka 1993 ambapo viti vinaning'inia na kupaa polepole kati ya makasri na viumbe wa msituni, huwa na foleni ya kukatisha tamaa mchana. Nenda asubuhi mlango ukifunguliwa, ama jioni wenye watoto wakichoka.

Kwa wazazi wanaotaka nao kuonja mchezo wa kasi, bustani zote mbili zina utaratibu wa kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Muulize mfanyakazi mlangoni kabla hamjajipanga. Watu wengi hawajui kama upo, na mama ndiye huishia kubaki chini na mikoba siku nzima.

Msitu wa hadithi

Kitu kinachonirudisha upande wa Kaatsheuvel ni Sprookjesbos, msitu wa hadithi. Ulipofunguliwa 1952 ulikuwa na hadithi kumi tu, zilizochorwa na Anton Pieck, msanii wa Kiholanzi aliyependa kuta zilizopinda na mapaa yaliyochoka. Leo hadithi ni kama thelathini, zimetawanyika chini ya miti mikubwa, na hakuna foleni. Unatembea. Mtoto anatangulia mbio, anasimama anapotaka, anarudi nyuma kumwona yule aliyempenda, na hakuna wa kumwambia zamu yake imekwisha. Kwa mtoto mdogo uhuru huo una thamani kuliko mashine yoyote.

Yuko Langnek, mtu mwenye shingo ndefu inayopanda taratibu hadi juu ya vichwa vya watu, kisha inashuka. Yuko fakiri anayetoka kwenye mnara mmoja na kuruka kwa zulia hadi mnara wa pili. Viatu vyekundu vinacheza ngoma peke yake uwanjani. Punda ukimtumbukizia sarafu anainua mkia na kutoa kipande cha dhahabu ya bandia, jambo ambalo watoto wa mataifa yote wanalielewa bila mkalimani na kulicheka kwa sauti moja. Mbwa mwitu amelala kitandani mwa bibi akiwa amevaa kofia ya kulalia.

Halafu wapo akina Holle Bolle Gijs. Hawa ni mapipa ya taka yenye umbo la mtu mnene aliyefungua kinywa, na kutwa nzima wanalia kwa Kiholanzi wakiomba karatasi. Ukiweka karatasi karibu na kinywa inavutwa ndani kwa upepo, naye anashukuru. Wapo tangu 1959. Matokeo yake ni kwamba watoto huokota taka za watu wengine njiani ili wapate cha kumlisha, na njia za Efteling ni safi kupindukia. Sijui kama kuna halmashauri ya jiji iliyowahi kubuni kitu cha akili namna hiyo. Beba karatasi chache mfukoni, la sivyo mtoto atakunyang'anya tiketi.

Lugha si kikwazo kikubwa. Hadithi husimuliwa kwa Kiholanzi, lakini nyingi zinaeleweka kwa macho, na mzazi anayejua kuanza na “hapo zamani za kale” atajaza palipobaki. Disneyland wanatumia Kifaransa na Kiingereza, kwa hiyo kwa familia ya Bukavu au Bujumbura Kifaransa kinawafaa wakubwa. Mtoto mwenyewe hasikilizi.

Kinachotisha

Msidhani kwamba hadithi za kale ni laini. Baadhi ya hadithi za Ulaya, kama zetu za zimwi, zilikuwa za kuwatisha watoto wasiende msituni. Efteling ina hadithi ya msichana muuza viberiti anayeganda kwa baridi mpaka kufa, na chumba chake hutoa machozi kwa watu wazima. Mtoto wa miaka mitatu hataelewa, wa miaka sita ataelewa sana, na maswali yatakufuata ndani ya gari mpaka nyumbani.

Disneyland ina joka chini ya kasri la Mrembo Aliyelala, refu kama mita 27, linalopumua, kutikisa kichwa na kunguruma gizani. Kuna watoto wanaoomba kurudi kulitazama na kuna wanaotoka wakilia wasikubali tena kusogelea kasri. Mchezo wa Snow White nao, licha ya jina lake zuri, una giza na mchawi anayetokeza ghafla. Mtoto mwoga wa giza umfikishe kwanza kwenye boti au farasi, aizoee bustani, ndipo umjaribu kidogo kidogo.

Namna tunavyochorwa

Jambo hili halimo kwenye ulinganisho mwingine wowote niliousoma, na kwa mzazi Mwafrika lina uzito. Tangu 1988 Efteling ilikuwa na mchezo ulioitwa Monsieur Cannibale: watoto walikaa ndani ya vyungu vinavyozunguka, na katikati alisimama mpishi Mwafrika mla watu. Wazazi weusi wa Uholanzi walilalamika miaka na miaka. Mwishowe ulifungwa 2021, na 2022 vyungu vikageuka kuwa mitumbwi, mchezo ukapewa jina la Sirocco na mandhari ya baharia Sindbad. Mchezo wa Carnaval Festival, unaopita nchi mbalimbali za dunia, nao ulirekebishwa sura za wanasesere wake baada ya malalamiko ya aina hiyo hiyo.

Nataja haya kwa sababu picha za zamani bado zinazunguka mtandaoni, na mtu akiziona anaweza kuiacha bustani nzima. Kilichokuwepo hakikuwa utani. Kimeondolewa, na leo mtoto wako hatakutana nacho. Ukumbusho wa hadithi za mashariki upo bado, hasa Fata Morgana, mchezo wa boti wa mwaka 1986 unaopita masokoni, jela na jumba la sultani. Umetengenezwa kwa ustadi mkubwa, ingawa Mwarabu wa Muscat au mtu wa Lamu akiwa ndani ya boti ile atatabasamu zaidi ya mara moja jinsi Mholanzi alivyomwazia.

Chakula, mvua na usingizi

Efteling unaweza kuingia na chakula chako, ukakaa kwenye benchi chini ya miti ukafungua mfuko wa maandazi na chupa ya chai bila mtu kukutazama vibaya. Disneyland husaka mikoba mlangoni. Maji, vitafunio na chakula cha mtoto hupita, lakini kapu la pikiniki la ukoo mzima hawalitaki ndani. Chakula chao ni ghali, na mchana mikahawa hujaa, kwa hiyo kula mapema kabla ya saa sita.

Kwa Waislamu, bustani hizi zote mbili usizitegemee kwa nyama kabla hujauliza. Samaki, mboga na mikate hupatikana. Efteling wana chapati tamu za Kiholanzi huko Polles Keuken, na vile vidogo viitwavyo poffertjes, vyenye siagi na sukari ambavyo mtoto atavimaliza kabla hujapiga picha. Viazi vya kukaanga uliza vimekaangwa kwa mafuta gani, maana ukanda huu wako wapishi wanaotumia mafuta ya ng'ombe.

Mvua ni ya kutarajia pande zote. Disneyland walilifikiria hilo walipojenga: pembeni mwa barabara kuu ya kuingilia kuna njia mbili zilizoezekwa, moja kila upande, unatembea mpaka karibu na kasri bila kulowa. Efteling miti inakusitiri jua lakini mvua kubwa inapita. Koti la mvua la mtoto na plastiki ya kufunika kigari si vya kuacha nyumbani.

Mtoto mdogo atalala mchana, utake usitake. Msitu wa Efteling unafaa kwa hilo. Unasukuma kigari polepole, analala, wakubwa wanaendelea kuona. Disneyland muziki haukomi na watu ni wengi. Ukiwa umelala hoteli ya karibu, rudi chumbani saa saba na urejee saa kumi. Ukiwa umekuja kwa treni ya siku moja, huna pa kurudi.

Na onyesho la usiku la kasri, lile la fataki na mwanga ambalo kila mtu analitaka kwenye simu yake, halianzi mpaka giza liingie. Majira ya joto Paris giza linaingia saa nne usiku. Hesabu mwenyewe mtoto wako atakuwa wapi saa hiyo. Efteling humalizia siku kwa Aquanura, onyesho la maji, moto na muziki ziwani, ambalo hufanyika karibu na muda wa kufunga bustani, mapema zaidi.

Kufika

Hapa Disneyland inashinda wazi kwa asiye na gari. Treni ya RER A kutoka katikati ya Paris inakufikisha mlangoni kwa dakika arobaini hivi, na kituo hicho hicho kinapokea treni za kasi za TGV. Mgeni aliyetua uwanja wa Charles de Gaulle hana shida. Efteling haina kituo cha treni. Unashuka Tilburg au 's-Hertogenbosch kisha unapanda basi. Si safari ngumu, ila ukiwa na kigari, mikoba na bibi aliyechoka, kila kubadilisha chombo kuna gharama yake. Mwenye gari aliyeko Antwerp au Brussels anafika Kaatsheuvel asubuhi na kurudi jioni. Marne-la-Vallée kwake ni safari ya zaidi ya saa tatu na karibu itamlazimu kulala.

Wanaofaa kwenda Paris

Mtoto wa miaka mitano mwenye sentimita 108, anayewajua binti wafalme wote kwa majina na anayeamini kwa moyo wake kwamba wanaishi kwenye kasri lile, mpeleke Disneyland. Imani hiyo ina muda wake. Akifika miaka tisa atakuwa ameanza kukuuliza ndani ya vazi la Mickey kuna nani. Efteling haina mhusika wa kumkumbatia anayemjua kutoka kwenye televisheni, na kwa mtoto wa namna hiyo Langnek hatoshi.

Vivyo hivyo familia iliyotoka Arusha au Kampala kwa viza ya wiki mbili, ambayo pengine haitarudi Ulaya karibuni. Bibi anataka picha mbele ya kasri, na ana haki yake. Wapelekeni, lipieni siku moja, msijaribu kumaliza bustani zote mbili za pale (ya pili ilifunguliwa 2002) kwa siku hiyo hiyo. Mkiwa na mtoto mdogo, ile ya kasri inatosha.

Wenye watoto wawili waliopishana, wa miaka miwili na wa miaka minane, mimi ningewaambia Efteling tena. Mkubwa anapata Joris na Python, mdogo ana msitu, na umbali kati ya pande hizo unatembeleka.

Watu huniuliza pia kuhusu Legoland ya Billund, Denmark, ya mwaka 1968. Ni nzuri kwa mtoto anayejenga, iko jirani na uwanja wa ndege, na hufungwa sehemu kubwa ya majira ya baridi. Kwa mtoto wa miaka miwili bado ni mapema.

Siku ya kwenda

Bustani zote mbili zinauza tiketi kwa tarehe, na bei hubadilika kulingana na siku, kwa hiyo nunua mapema kupitia tovuti yao wenyewe. Jumatano iepuke: shule za Ubelgiji hufunga adhuhuri, na Ufaransa shule nyingi za msingi hazina masomo siku hiyo au zinafundisha asubuhi tu. Jumanne na Alhamisi ndizo tulivu. Tazama pia likizo za shule za nchi zote tatu, maana Wabelgiji hujaza Kaatsheuvel na Marne-la-Vallée kwa pamoja, na tarehe 11 Novemba ni sikukuu Ufaransa na Ubelgiji. Efteling hufunguliwa mwaka mzima. Asubuhi ya Januari yenye baridi kavu, mtoto akiwa amevaa vizuri, mnaweza kuupata msitu mzima karibu peke yenu.